Guca, Kunyaga na Kuhamisha: Uhakiki wa Msamiati wa Adhabu ya Kuondolewa Kwao, kwa Mifano ya Gitega na Muyinga

Ikisiri

Katika maandishi ya Kiswahili ya historia na sheria, nomino uhamisho hubebeshwa karibu kila namna ya kumwondoa mtu kwao kwa nguvu. Makala haya yanahakiki matumizi hayo kwa kuyapima na sheria ya Kirumi ya zama za mwisho za dola hiyo, na msamiati wa Kirundi, na matukio ya Burundi yaliyoacha alama Gitega na Muyinga. Inadaiwa kwamba neno hilo huficha mambo matatu ambayo sheria haiwezi kuyaacha yafichike: nani aliyeamuru, mali ilikwenda wapi, na kama aliyeondolewa anayo njia ya kurudi.

1. Neno moja, adhabu nyingi

Mwalimu wa Dodoma anapopewa barua ya kwenda kufundisha Kigoma, barua hiyo huitwa barua ya uhamisho. Kabaka Mutesa II alipopandishwa ndege tarehe 30 Novemba 1953 kwa amri ya Gavana Andrew Cohen na kupelekwa Uingereza, maandishi ya Kiswahili husema naye alihamishwa, akaishi uhamishoni hadi Oktoba 1955. Wayahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli wamo katika uhamisho tangu Biblia ilipotafsiriwa. Wanavijiji wa Tanzania walioondolewa katika makazi yao ya asili wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, walihamishwa. Msomaji akipewa sentensi hizi nne bila majina wala tarehe, hawezi kusema ni ipi inayohusu adhabu, ipi inayohusu vita, ipi mpango wa maendeleo na ipi utaratibu wa kawaida wa ofisi.

Kasoro hii huanzia katika umbo la neno lenyewe. Kitenzi hama ni cha mtu atendaye kwa hiari yake: anahama nyumba, anahama chama. Kiambishi cha kusababisha kinatoa hamisha, na hapo mtendaji mwingine anaingia. Lakini matini za historia hazipendi kubaki hapo. Husonga hadi kauli ya kutendwa, alihamishwa, ambayo haidai kutajwa kwa aliyetenda, na mwisho hufika kwenye nomino uhamisho, ambayo haidai kutajwa kwa mtu yeyote. Kila hatua ya mnyambuliko inamtoa mtu mmoja nje ya sentensi. Gavana anaondoka kwanza, kisha anaondoka aliyeadhibiwa, na kinachobaki ni safari.

Ukimbizi nao una tatizo lake, japo kwa upande wa pili. Mkimbizi ni mtu akimbiaye. Nomino imejengwa kwa mtindo uleule wa mwandishi na mlinzi, kana kwamba kukimbia ni kazi yake. Kufukuza kuna nguvu zaidi, lakini kumekwisha kuzoeleka kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi na kwa mgeni asiye na kibali. Kufurusha, kunakopendwa Kenya, kunasikika zaidi penye mabomba ya machozi na vibanda vilivyobomolewa kuliko penye hukumu. Kwa hiyo uhamisho hutawala si kwa ubora wake bali kwa kukosa mpinzani.

Inaweza kujibiwa kwamba muktadha hutosha: hakuna anayedhani Mutesa alikuwa mtumishi aliyepewa kituo kipya cha kazi. Jibu hilo linafaa kwa simulizi. Halifai kwa tafsiri ya sheria, kwa ripoti ya tume, wala kwa fomu ya mtu anayedai shamba. Hata kwa kichwa cha kitabu halifai sana. Utafiti mashuhuri wa Liisa Malkki kuhusu Warundi waliokimbilia magharibi mwa Tanzania, Purity and Exile (1995), ukitafsiriwa kwa maneno yaliyozoeleka ungeitwa Usafi na Uhamisho, na mkutubi asiye makini angeuweka pamoja na taarifa za halmashauri za miji.

2. Ngazi za sheria ya Kirumi

Kuigeukia Roma hapa si kutafuta heshima ya ukale. Sheria ya Burundi ilitoka Ubelgiji, na ya Ubelgiji ina mizizi katika sheria ya Kirumi. Watawala wa Kibelgiji walipotaka kumtoa mtu kwao bila kumfikisha mahakamani, neno walilolitumia, relégation, lilikuwa neno la Kirumi lililovaa Kifaransa. Amri ya mwaka 1910 iliyoruhusu jambo hilo nchini Kongo ndiyo iliyowatawanya baadaye wafuasi wa Simon Kimbangu mbali na kwao. Anayetaka kujua neno hilo lilipoteza nini njiani hana budi kuangalia lilikuwa na nini lilipoanza.

Lilikuwa na mengi. Digesta ya Justiniani, iliyotangazwa mwaka 533, ina mlango mzima, wa 22 katika kitabu cha 48, unaohusu waliokatazwa mahali, waliopelekwa mbali na waliotupwa visiwani. Humo mwanasheria Marcianus anaeleza sura tatu za adhabu hii. Kuna kukatazwa mahali fulani, na kwingine kote kuwa huru. Kuna kinyume chake: kukatazwa kila mahali isipokuwa pamoja tu. Na kuna kufungwa kisiwani. Ulpianus anaongeza suala la mamlaka. Gavana wa jimbo aliweza kumkataza mtu jimbo analolitawala yeye, na jimbo la kwao mtu huyo, lakini hakuweza kumfungia dola nzima. Asipokuwa na kisiwa katika jimbo lake, alipaswa kumwandikia mfalme mkuu ili kisiwa kitajwe.

Juu ya yote palikuwa na mpaka mkubwa kati ya relegatio na deportatio. Wa kwanza alibaki raia, alibaki na mali yake isipokuwa hukumu iseme vingine, na aliweza kuandika wasia. Mshairi Ovidius, aliyepelekwa Tomis kando ya Bahari Nyeusi mwaka 8, alisisitiza katika mashairi yake kwamba yeye ni wa daraja hilo, na hakuwa akibishana juu ya maneno matupu: mkewe alibaki Roma, na nyumba ikabaki nyumba. Wa pili, yaani aliyepatwa na deportatio, alipoteza uraia, alifilisiwa, na adhabu yake ilikuwa ya maisha. Wanasheria wa Kirumi waliliweka jambo hili katika fungu la kupunguziwa hadhi ya utu kisheria: uhuru unabaki, uraia unakufa.

Ngazi hizo zilikuwa na vidato vya kupandia. Aliyekatazwa mahali akarudi kabla ya muda wake aliweza kupelekwa kisiwani. Aliyepelekwa kisiwani akatoroka aliweza kupoteza uraia. Aliyekwisha kuupoteza akatoroka, aliuawa. Huu ni ukatili, na hakuna sababu ya kuupamba. Lakini ni ukatili ulioandikwa, ambao mtu aliweza kuusoma na kujua amesimama kidato gani.

Zama za mwisho za dola zilionyesha pia jinsi ngazi hizo zilivyoweza kupindwa. Katika karne ya 4 na ya 5 adhabu hii ikawa chombo kikuu cha kushughulikia maaskofu, kwa sababu askofu aliyeuawa hugeuka shahidi. Athanasius wa Aleksandria aliondolewa mjini kwake mara tano, mara ya kwanza akapelekwa Trier. Yohane Chrysostom alipelekwa Cucusus mwaka 404. Barua zake kutoka huko, zaidi ya 200, zikamgeuza kitovu cha wageni na wajumbe, hata ikaamriwa asogezwe tena, hadi Pityus, na akafia njiani Comana mwaka 407. Katika kesi kama hizi sheria ilikuwa kisingizio. Hata hivyo kisingizio kilihitaji kuandikwa, na kwa kuwa kiliandikwa, kinaweza kuhukumiwa leo.

3. Kirundi kinajua tofauti hii

Msemaji wa Kirundi hahitaji Digesta ili atambue kwamba kuondolewa kwao si jambo moja. Kitenzi guca kina maana pana ya kukata, na katika eneo la haki kina kazi mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu. Guca urubanza ni kukata shauri, kazi ya bashingantahe, wale waamuzi wa milimani ambao neno lao lilitazamiwa kusuluhisha kabla ya kuadhibu. Guca umuntu ni kumkatilia mbali mtu: kumtoa katika ukoo au katika nchi. Lugha imeweka hukumu na adhabu hii katika tendo moja la kisu. Kiswahili kina mwangwi wake, kwa kuwa nasi husema kukata shauri. Ila kwetu anayehukumiwa naye hukata, hukata rufaa. Aliyekatwa katika Kirundi hana kisu.

Jina lake ni igicibwa. Umbo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu. Liko katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo linakumbuka kwamba kuna aliyetenda. Wala halimtwiki mtu kosa la kukimbia, kama linavyofanya mkimbizi. Lakini limewekwa katika ngeli ya iki-/ibi-, ngeli ya vitu, si ya watu. Kiswahili kina desturi hiyohiyo kwa kipofu na kiziwi, na wahakiki wa lugha wamekwisha kuilalamikia. Katika igicibwa, hata hivyo, ngeli inasema ukweli wa adhabu yenyewe. Mtu aliyekatwa amepunguziwa utu mbele ya jamii, na sarufi imeliandika jambo ambalo wanasheria wa Kirumi walilihitajia istilahi nzima.

Kitenzi cha pili ni kunyaga. Chini ya utawala wa kifalme, kunyagwa kulikuwa kuporwa kwa amri ya mkubwa: ng'ombe, ardhi, na kwa mtawala mdogo, cheo chenyewe. Neno hili ni ndugu wa nyang'anya ya Kiswahili, ila ndugu wa Kiswahili ameishia mikononi mwa majambazi, ilhali wa Kirundi alibaki ikulu. Uzito wa kunyaga ni kwamba ni tendo linaloweza kutokea peke yake. Mtu aliweza kunyagwa akabaki mlimani kwake, maskini. Na aliweza kukatwa bila kunyagwa, ndugu zake wakabaki na shamba. Yote mawili yakikutana, ndipo deportatio inapotokea. Jambo hilo Kirundi hukieleza kwa vitenzi viwili. Kiswahili cha vitabu vya historia hulieleza kwa kimoja, na kitenzi hicho kinasema juu ya mwendo tu.

Aliyeondoka kwa kuogopa ana vitenzi vyake: guhunga, kukimbilia usalama, na kwangara, kutangatanga bila kwao. Na kuna guhunguka, kilichojengwa kutokana na guhunga kwa kiambishi cha kutengua, kama fungua inavyojengwa kutokana na funga. Maana yake ni kurudi kutoka ukimbizini, na waliorudi huitwa abahungutse. Kiswahili kina kiambishi hichohicho lakini hakijawahi kukitumia kwa kukimbia. Kwetu anayerudi hurudi kama mtu aliyekwenda sokoni.

4. Gitega: jumba na njia ya kurudi

Gitega, ambako Wajerumani walihamishia makao ya Residenti mwaka 1912 na ambako tangu 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ni mahali pazuri pa kupimia msamiati huu, kwa sababu historia ya nchi imekuwa ikipitisha hapo watu walioondolewa bila kuhukumiwa.

Desturi hiyo ni kongwe kuliko Jamhuri. Kilima, aliyepingana na Mwami Mwezi Gisabo upande wa kaskazini-magharibi, alipelekwa na Wajerumani Neu-Langenburg, Tukuyu ya leo, pale ambapo sera yao iligeuka wakaamua kumtambua Mwezi. Katika nchi jirani Wabelgiji walimvua Mwami Yuhi Musinga ufalme wa Rwanda mwezi Novemba 1931, wakamweka Kamembe, kisha mwaka 1940 wakamsogeza hadi Moba nchini Kongo, alikofia mwaka 1944. Waingereza hawakuwa tofauti. Mwanga na Kabalega walipelekwa Shelisheli mwaka 1899, Mekatilili wa Menza akapelekwa Kisii, Harry Thuku akapelekwa Kismayu mwaka 1922. Kwa ukoo wa Talai wa Wakipsigis, Kenya ilitungiwa sheria maalumu mwaka 1934, na watu hao wakasombwa hadi Gwassi pamoja na wanawake na watoto. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepelekwa mbali na hukumu ya mahakama inayoeleza kosa, muda na mwisho wa adhabu.

Tofauti ya manufaa ipo kwa Mutesa. Waganda walikwenda mahakamani, na mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Uganda ilisema kwamba kifungu cha 6 cha Mkataba wa 1900, ambacho Gavana alikiegemea, kilitumiwa isivyo. Mtu aliyeondolewa kwa kifungu kilichotajwa anaweza kurudi kwa kukibomoa kifungu hicho. Aliyeondolewa bila kifungu hana cha kubomoa.

Baada ya uhuru wa 1962, Burundi ikaendelea bila kifungu. Wakuu wanne wa nchi wameelezwa katika maandishi mengi kuwa waliishi uhamishoni, na kila mmoja alifika huko kwa mlango wake. Mwambutsa IV aliondoka mwenyewe kwenda Ulaya mwishoni mwa 1965, baada ya jaribio la mapinduzi la Oktoba. Julai 1966 mwanawe akatwaa madaraka, na safari ikageuka adhabu wakati msafiri yuko mbali. Mwana huyo, Ntare V, alikuwa Kinshasa tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero alipotangaza Jamhuri. Hakutolewa nchini, alifungiwa nje. Micombero naye, alipopinduliwa mwaka 1976, alipelekwa Somalia, akafia Mogadishu mwaka 1983. Jean-Baptiste Bagaza alikuwa Quebec katika mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa alipopinduliwa tarehe 3 Septemba 1987, akazuiwa kuingia. Kwa vipimo vya Marcianus, Micombero peke yake ndiye anayefanana na aliyepelekwa mahali. Wengine watatu walikatazwa mahali, na katazo halikuandikwa popote kama adhabu. Kuwaita wote wanne wahamishwa ni kukubali maelezo ya waliowapindua, kwamba hapakuwa na jambo la kuamuliwa ila watu walikuwa mbali tu.

Gharama ya kukosa maneno ilionekana Gitega kwa Ntare V. Tarehe 30 Machi 1972 alirudi Burundi akitokea Uganda, baada ya Rais Idi Amin kupewa ahadi ya usalama wake na serikali ya Micombero. Alikamatwa, redio ya taifa ikamtuhumu kwamba alikuja kuongoza uvamizi, akawekwa kizuizini Gitega katika jumba la kifalme. Tarehe 29 Aprili aliuawa mjini humo. Swali la kisheria ni rahisi kuliko lile la kisiasa: alikuwa nani alipotua? Raia aliyekuwa safarini? Mtu aliyekatazwa nchi akavunja katazo? Mtu aliyepoteza uraia? Mrumi wa karne ya 6 angeweza kujibu, na kila jibu lingekuwa na adhabu yake, hata kama moja ni kifo. Gitega mwaka 1972 hapakuwa na jibu, kwa sababu hapakuwahi kuwa na hukumu ya kwanza ambayo kurudi kungekuwa kuivunja. Maandishi yanayosema kwamba mfalme alirudi kutoka uhamishoni akauawa yanaunganisha mambo mawili kana kwamba la pili lilizaliwa na la kwanza. Halikuzaliwa nalo. Lilizaliwa na ahadi iliyovunjwa.

Baba yake alifuatwa na adhabu hadi kaburini, lakini kwa njia ya ajabu. Mwambutsa alifariki Uswisi tarehe 26 Machi 1977, akazikwa Meyrin karibu na Geneva. Mwaka 2012 mabaki yake yalifukuliwa ili yarudishwe Burundi kwa mazishi ya heshima. Ndugu wakagawanyika, wengine wakishikilia wasia wake kwamba asirudishwe hata akiwa maiti. Mahakama za Uswisi zikaingia, na mwaka 2017 akazikwa tena Meyrin. Digesta inayo sheria karibu ya jambo hili, katika mlango wa 24 wa kitabu kilekile: aliyefia mahali alipopelekwa, adhabu yake hudumu hata baada ya kifo, wala mwili hauhamishwi bila idhini ya mfalme mkuu, ingawa watawala waliombwa mara nyingi na mara nyingi waliridhia. Meyrin mambo yalipinduka. Dola ndiyo iliyotaka maiti irudi, na aliyeondolewa ndiye aliyekataa. Guca halina neno kwa hali hiyo, na Kiswahili hakina pia. Labda ni kwa sababu igicibwa hakutazamiwa kuwa na neno la mwisho.

5. Muyinga: fomu, shamba na tume

Kutoka Gitega kwenda kaskazini-mashariki, hadi Muyinga na mpaka wa Kobero, ni kutoka kwa wafalme kwenda kwa watu ambao historia huwataja kwa maelfu. Muyinga, iliyokuwa mkoa hadi mgawanyo mpya wa 2025 ulipoiweka ndani ya Buhumuza, inatazamana na Ngara ya Tanzania. Kwa njia hiyo walivuka wengi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambi ya Kinama, tarafani Gasorwe, nayo inawahifadhi Wakongomani, ambao Kiswahili chao ni cha Kivu. Hapa Kiswahili si lugha ya kongamano. Ni lugha ya soko, ya msikiti, na mara nyingi lugha ya katikati kati ya anayehojiwa na anayejaza karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo inayoyapa mambo haya uzito kwa washauri wa sera. Chukua mfano wa mtu anayesema kwa Kirundi kwamba babu yake yaraciwe, alikatwa, na kwamba baba yake yarahunze, alikimbia. Mkalimani akisema wote wawili walihamishwa, au wote wawili walikuwa wakimbizi, ameunganisha kosa la mtawala na woga wa raia. Mjukuu anayedai shamba anahitaji la kwanza libaki peke yake. Akisema babu yaranyazwe, alinyagwa, na ikaandikwa kwamba alihama akaacha ardhi, dai limekwisha kufa kabla halijasikilizwa, kwa maana ardhi iliyoachwa na ardhi iliyonyang'anywa hazifuati njia moja mbele ya sheria, hasa pale ambapo kukaa kwa muda mrefu humpa mkaaji haki.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi iliundwa kwa sheria ya 2014. Sheria ya 2018 ikarudisha nyuma mwanzo wa kipindi chake cha uchunguzi hadi tarehe 26 Februari 1885, siku ulipofungwa Mkutano wa Berlin. Kwa hatua hiyo adhabu za Wajerumani na Wabelgiji ziliingia katika faili moja na za Jamhuri. Kilima na Micombero wamekaa meza moja, pamoja na wakulima wasio na idadi. Yeyote atakayeiandika historia hiyo kwa Kiswahili, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Burundi iliingia mwaka 2007 inatarajia iandikwe, atalazimika kuchagua neno kwa kila jina.

Mfano wa Tanzania unaonya. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1921 iliyoitwa kwa Kiingereza Deportation Ordinance ilimpa Gavana uwezo wa kumtoa mtu sehemu moja ya nchi na kumpeleka sehemu nyingine ya nchi hiyohiyo. Kwa Kirumi hiyo ilikuwa relegatio iliyojiita deportatio. Ilirithiwa na serikali huru, ikatumika, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaiona inapingana na haki zilizomo katika Katiba. Tume ya Nyalali nayo ikaiorodhesha miongoni mwa sheria 40 zenye kasoro. Miaka yote hiyo mjadala wa Kiswahili uliielekea sheria hiyo kwa neno lilelile la barua ya mwalimu wa Dodoma. Vigumu kuamsha hasira ya umma dhidi ya uhamisho, kwani nusu ya watumishi wa umma wamekwisha kuupata, na baadhi yao waliuomba.

Mikataba haisaidii sana mahali hapa. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika kifungu cha 9, linakataza kukamata, kuzuilia na kuondoa mtu nchini kiholela, na linayaweka matatu hayo pamoja kama matendo ya dola. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika kifungu cha 12, unazungumzia haki ya kutoka na ya kurudi. Cha kwanza kinamtazama anayefukuza, cha pili kinamtazama anayerudi. Mtafsiri anayetumia uhamisho kwa cha kwanza hana budi kuongeza neno la kuonyesha dola, la sivyo kifungu kitasomeka kama katazo la kumpa mtu kituo kipya cha kazi.

Je, istilahi mpya zinahitajika? Kidogo tu. Mhamishwa ni umbo halali, pacha wa mfungwa, na lina faida kwamba linamrudisha mtu katika ngeli ya watu. Matumizi yake yapendelewe kuliko mtu aliye uhamishoni. Kwa sura mbili za kwanza za Marcianus, maneno ya kawaida yanatosha: kukatazwa mahali, na kufungiwa mahali. Kwa mali, Kiswahili cha mahakama kina kufilisiwa, na hakuna sababu ya kukiacha. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya sentensi: kitenzi hamisha, kinapohusu adhabu, kiandikwe na mtendaji wake na chombo chake, yaani nani, kwa kifungu gani, au bila kifungu. Mhariri anayekuta alihamishwa bila na ana haki ya kuirudisha kurasa hiyo kwa mwandishi. Nomino za kubuni zilizopambwa kwa Kiarabu, ambazo mabaraza ya lugha huzipenda, zingekuwa na kasoro ileile: zingetoa jina kwa safari na kumsahau aliyeiamuru.

Linabaki kundi moja ambalo hata nidhamu hiyo hailiwezi. Kati ya Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kupewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watu wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, na wengi walipata vyeti vyao kuanzia 2014. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa watu wazima, walitakiwa kuukana ule wa Burundi. Hawakukatwa na mtu yeyote. Kalamu ilikuwa mikononi mwao. Wala hawakuhunguka. Kile ambacho deportatio ilikitwaa kwa hukumu, wao walikitoa kwa saini, zaidi ya miaka 40 baada ya usiku waliokimbia, na mashamba waliyoyaacha kando ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, yakiwa yamekaliwa na watu wengine. Kifaransa cha ofisi huwaita waliopewa uraia, Kiswahili cha Tabora na Katavi bado huwaita wakimbizi wa zamani, na kwa Kirundi watoto wao wanaovuka kwenda kuwasalimia jamaa huulizwa watarudi lini.